Kamba ya Ng'ombe wa Mama

Ambakisye rafiki yangu,

Kwanza nakuomba, haya ninayokuandikia yabaki kwako. Usimwambie mtu yeyote huko uliko, hata yule mwalimu wetu wa hesabu ambaye bila shaka mmeshaonana, kwa maana hakuwahi kutunza siri akiwa hai na sidhani kama ameanza sasa. Mimi bado ni karani katika ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hapa Mbeya. Ikijulikana kwamba karani wa majalada ndiye aliyefungwa mikono kwa kamba ya ng'ombe kule Ipogolo, Iringa, mbele ya ukoo mzima, nitaitwa mchawi kuanzia sokoni mpaka ofisini, na mchana nitakula chakula changu peke yangu. Wewe watu walipokuita mchawi ulicheka. Mimi nisingepata usingizi.

Tangu tulipokuzika Mbalizi sikugusa tena hata senti kumi ya kiini macho. Karata zangu nilizifunga kwa uzi nikaziweka chini ya mashati. Halafu asubuhi moja mama yako akaja ofisini. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, karani mkuu akamwuliza shida yake, naye akajibu kwamba amekuja kumwona mwanawe. Karani mkuu akaninyooshea kidole bila kuuliza zaidi, nami nikatoka nje haraka machozi yangu yasije yakaonekana.

Yeye hakulia. Alisema, "Lutengano, Atupele anaolewa Iringa baada ya mavuno. Kaka yake alimwahidi kamba. Sasa nani ataikata?"

Nilijua ahadi hiyo. Ulimwahidi dada yako kwamba siku ya harusi yake utakata kamba vipande viwili mbele ya wakwe, kisha utaipuliza iwe nzima, ili wajue kwamba bibi harusi katoka kwenye nyumba ya watu wenye raha. Nilimwambia mama kwamba mimi ni mtu wa mezani. Shilingi, karata, kiberiti, vitu vinavyoingia kiganjani. Kamba ilikuwa kazi yako. Akanitazama kama anavyomtazama muuza maharage mwenye pishi dogo. "Si mlifundishana? Basi jifundishe."

Nikaenda kununua kamba. Mama Zarina wa duka la kona alinitolea kamba ya pamba, nyeupe, laini, akanikazia macho. "Bwana karani, hii ya pazia. Ukifunga mbuzi, mbuzi anakula kamba kwanza, halafu anakula maua yako." Nilisema ni ya pazia. Akauliza nina dirisha kubwa kiasi gani. Nilitoka pale jasho likinitoka na hali kulikuwa na baridi ya kukata masikio.

Rafiki yangu, sikujua nilikuwa mjinga kiasi gani. Miaka yote nimefanya kiini macho, tangu tulipokuwa shuleni, na nilidhani mikono yangu ina elimu. Kumbe ilikuwa na elimu ya kujificha tu. Nikishika kamba, mkono wa kulia unajikunja wenyewe kana kwamba una shilingi ndani. Macho yanashuka kwenye vidole. Viwiko vinabana mbavu. Na hofu yangu, ambayo kwenye shilingi huwa inabaki ndani ya ngumi, kwenye kamba inasafiri mpaka nchani na kuchezacheza pale kila mtu aione. Ulikuwa ukiniambia, "Luti, wewe kiini macho chako ni cha watu watatu. Wa nne akija anaona mgongo." Nilikuwa nakasirika. Sasa nimeelewa ulimaanisha nini.

Aliyenisaidia ni mama. Kila Jumamosi mchana ofisi ikifungwa nilikwenda Mbalizi, yeye akaketi kwenye kigoda upande wa pili wa uwanja, akimenya ndizi, nami nikasimama karibu na jiko. Siri ya mchezo haijui na hakutaka kuijua. Alijua tu ulivyokuwa unaonekana ukiwa mbali. "Sioni kitu," alisema. "Unanong'ona na hiyo kamba. Mwanangu alikuwa anaizungumzisha." Au, "Inua mikono, nani amekukamata?" Siku moja aliacha ndizi zake, akaja katikati ya uwanja, akasimama kwa miguu iliyopanuka, kifua mbele, mikono juu, akaning'iniza hewani kamba ambayo hakuwa nayo. Ambakisye, ulikuwa wewe. Ulikuwa wewe kabisa, na gauni na kilemba. Tulitazamana, kisha tukacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na jirani akachungulia kuuliza kama kuna wageni.

Nikajifunza kukata. Nikajifunza pia ule mchezo wako mwingine wa bangili, ambapo watu wanakufunga mikono yote miwili, unapewa bangili, unageuka kidogo, na ukirudi bangili inaning'inia kwenye kamba katikati ya mikono iliyofungwa. Huo ulinikubali mapema zaidi, kwa kuwa kazi yake ni ya vidole, lakini mama aliuona mdogo. "Huo wa kuchezea watoto. Atupele aliahidiwa wa kukata."

Tulisafiri kwa lori la mahindi. Pale Igawa tulishuka kunywa chai, na vumbi lilikuwa limetufanya wote kuwa wa ukoo mmoja. Mama alinipapasa mfukoni mwa koti mara kwa mara kuhakikisha kamba ya pamba ipo.

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa maana ni kosa ambalo wewe usingelifanya kamwe.

Uwanja wa wakwe ulijaa. Watu walikuwa wameketi chini, wengine wamesimama mpaka barabarani. Nilisimama kama ulivyokuwa unasimama, mikono juu. Na mtu wa mezani anapoogopa hufanya kile alichozoea, na tulichozoea sisi ni kuazima. Hatutumii shilingi yetu, tunaomba ya mtazamaji, ili asiseme ina hila. Basi nikajisikia nikisema kwa sauti kubwa, ya kikarani kabisa, "Naomba mnikopeshe kamba."

Mama alifunga macho. Kamba yangu ilikuwa mfukoni, laini kama utambi, na mimi nimeomba nyingine.

Akainuka Mzee Kihwele, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe. Pembeni alikuwa amefungwa ng'ombe wa mama, yule wa mwisho katika mahari, ambaye walikuwa wamesubiri siku hiyo kumkabidhi. Unajua ilivyo: ng'ombe hutolewa na kamba yake, na kamba ndiyo inayowekwa mkononi mwa mama mzazi wa bibi harusi. Mzee akamfungua ng'ombe, akaniletea kamba. Ya katani, nene, ngumu, imekauka kwa jasho la mnyama. Haikunjiki hata ukiibembeleza.

"Kamwene, bwana mazingaombwe," alinisalimu. "Kata. Ila ujue, hii bado haijafika mkononi mwa mama. Ikibaki vipande viwili, ng'ombe anarudi zizini, na huyu binti anarudi nanyi Mbeya."

Watu walicheka. Yeye alicheka pia, lakini kidogo. Bibi mmoja nyuma yake hakucheka kabisa. Nilimtazama Atupele ndani ya shela yake, alikuwa anatabasamu kwa furaha, kwa kuwa hakuwa na mashaka hata chembe. Alikuwa anamsubiri kaka yake. Na mimi nilijua kwamba katani ile nikiikata itakuwa imekatika, na hakuna pumzi duniani itakayoiunga. Nilifikiri kuzimia. Nilifikiria kweli, nikachagua hata mahali pasipo na mawe.

Ndipo nikamsikia mtu akisema, na mtu huyo alikuwa mimi, "Mzee, kamba ya mahari haikatwi. Kamba hii kazi yake ni kufunga. Nifunge mimi."

Kijana mmoja akapiga kelele, "Mfunge, baba, mbavu zake zinaonekana, labda atanenepa kwako." Mzee Kihwele akanifunga. Ambakisye, yule ni mfugaji. Alinifunga kama ndama wa kuhasiwa, mkono huu na mkono huu, akatia goti kwenye fundo. Wakati huo ng'ombe, aliyekuwa huru sasa, alikuwa amefika kwenye ungo wa mchele na wanawake walikuwa wanamvuta mkia.

Nikamgeukia mama. "Mama, naomba bangili yako." Ile ya shaba, ambayo ulisema hujawahi kumwona hajaivaa. Zamani ilikuwa haitoki hata kwa sabuni. Siku hizi inateleza tu, amekonda. Aliivua bila shida, na hapo ndipo karibu nishindwe, si kwa ajili ya kamba.

Walinifunika mikono kwa shuka. Katani haikutaka kupita. Ilinichuna ngozi, kovu bado lipo, ofisini nimesema ni paka. Nilisukuma, nikavuta, vidole vikafanya kazi yao gizani kama vilivyozoea, na kwa mara ya kwanza siku ile sikutazama chini. Nilitazama watu. Niliwatazama mpaka wale wa barabarani, nikawauliza kama wameshiba, wakasema bado, nikasema basi mkamateni ng'ombe kwanza. Wakaangua kicheko. Mimi, Luti, niliwachekesha watu wa barabarani.

Shuka lilipoondolewa, nilinyanyua mikono juu kabisa. Kamba ya wakwe ilikuwa bado imefungwa, fundo la mzee halijaguswa, na katikati bangili ya mama yako inazunguka kwenye jua.

Sijui nikuelezeeje kelele ile. Mzee Kihwele alikagua fundo lake, akalivuta, akaikagua bangili kwa meno. Kisha akasema polepole, "Hii sasa tutaitoaje?" Yule bibi ambaye hakucheka akajibu kwa nguvu, "Nani amekwambia inatoka? Mpe mama hivyo hivyo." Basi wakanifungua, na kamba ikawekwa mkononi mwa mama yako pamoja na bangili yake ndani, na ng'ombe akarudishwa ana mchele puani. Mama alicheza. Sikuwa nimemwona akicheza tangu uondoke. Alicheza kwa miguu iliyopanuka, mikono juu.

Atupele alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Kaka aliniahidi wa kukata." Nikamwambia najua.

Basi kwaheri kwa sasa, ndugu yangu. Nakuahidi mtoto wake wa kwanza akibatizwa nitakwenda Iringa na kamba yangu mwenyewe mfukoni, sitaazima ya mtu, nami nitaikata na kuiunga mbele ya wote. Mama nitakuwa naye Jumamosi zote.

Ukitaka kunipata, tafadhali usije usiku. Usigonge dirisha na usiniite jina gizani, unanijua. Njoo mchana, Jumamosi, ofisi ikishafungwa, pale uwanjani kwenu Mbalizi. Pita upande wa migomba. Mama atakuwa kwenye kigoda na mimi nitakuwa karibu na jiko, nikijizoeza kukata. Kaa mbali, nyuma kabisa ya watu wote. Nikikosea, cheka kwa sauti, nitasikia.

Wako,
Luti