Mafuta Meusi kwa Watoto wa Mbwa

Kampemba, Lubumbashi

Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mnaendeleaje huko Kabalo? Kikohozi cha mama kimepungua? Mimi mzima, lakini mzima wa kusema tu. Nimechoka, yaya. Bado ninalinda lango la yule mama mjane, mvua haikatiki, na viatu vyangu sijui lini vilikauka mara ya mwisho. Juu ya hayo mbwa wetu akazaa watoto watano, nao wakawa kazi yangu.

Uliniambia kwenye simu kwamba kambwa kako kameota upele tumboni, ukaomba nikutumie mafuta meusi, kama yale baba aliyokuwa akileta kutoka karakana ya reli. Siyatumi. Soma kwanza.

Hawa wangu nao walitoka vipele tumboni, pale pasipo na manyoya. Kwetu chochote kinachoota kwenye ngozi ya mbwa ni upele, na dawa yake ni moja. Nikaomba mafuta machafu ya injini kwa dereva wa lori aliyetoka Kasumbalesa, nikawapaka wote watano kwa maringo, mtoto wa mtu wa reli! Kesho yake wakaanza kutapika na kutetemeka. Wawili wakafa. Nililia, mwanaume mzima na rungu langu.

Mama mwenye nyumba akamwita dokta wa wanyama, dada mmoja aliyesoma chuo kikuu, kule Kasapa.

“Papa, ulibapaka nini?”

“Mafuta ya moteur, dokta. Iko dawa ya upele.”

“Hii haiko upele! Iko bouton, vipele ya usaha. Mutoto ya mbwa anajilamba, mama yake naye anamulamba, mafuta yote inaingia mu tumbo. Ile njo iliua bale babili.”



Sasa mwangalie wako. Upele wenyewe huwasha sana na manyoya hunyonyoka, masikioni na viwikoni. Vikiwa vipele vidogo vya usaha vinavyoacha magamba ya njano, basi ni uchafu na unyevu. Wangu walilalia magunia mabichi, kosa langu hilo pia. Usivitumbue. Dokta aliwatoa mafuta kwa sabuni laini ya vyombo, kisha akanipa dawa ya kuoshea vidonda vya wanyama. Nawaosha kwa maji ya vuguvugu, nawafuta mpaka wakauke, nabadilisha matambara kila siku. Vikizidi, au akikataa kunyonya, mpeleke kwa dokta, usijaribu dawa ya jirani. Watatu waliobaki wanapona.

Nisalimie mama, shemeji fundi baiskeli, na mama mdogo anayepika parokiani. Barua anakuletea mjomba, kama treni itapenda kufika.

Ningeweza kuyasema haya kwenye simu, ila kuna moja lisilosemeka pale mtandao unapokatika. Ni habari ya Bijou, kambwa kako ka utotoni. Baba alikuchapa, akasema umemlisha mifupa ya kuku, na hata juzi ulisema, “Miye njo niliua Bijou.” Yaya, baba alikuwa amempaka mafuta meusi siku moja kabla hajafa. Nilimwona Bijou akitetemeka, sawasawa na hawa wangu. Baba hakujua, Mungu amrehemu. Lakini wewe hukumuua.

Mdogo wako,
Ilunga