Goti la Mwenye Timu

Ndugu yangu, leo nimejiaibisha, sijui kesho nitaingiaje kazini.

Nimekuta mtu kalala kifudifudi kwenye kitanda changu cha kuchulia wachezaji, taulo kichwani. Nikajua ni kocha wa makipa, maana saa hiyo huwa yake. Nikaanza na mgongo, na mdomo nao ukaanza.

Nikamsema mwenye timu. Kwamba kumfukuza nahodha kwa simu ni unyama. Kwamba hata enzi zake uwanjani alikuwa hodari wa kujiangusha tu.

Nikashuka miguuni. Goti la kushoto, lile kovu refu.

Ni yeye. Mwenye timu mwenyewe.

Unalikumbuka lile goti? Mwaka mzima nililichua mimi, kila asubuhi, madaktari walipomwambia hatacheza tena.

Akasema bila kugeuka, “Endelea tu. Wote wananisema hivyo. Nimekuja kwako kwa sababu nilidhani wewe si mmoja wao.”

Nikachua mpaka mwisho. Ya nahodha siyafuti, ni kweli. Lakini alipomaliza kuvaa viatu akasema, “Asante, baba,” vile vile kama zamani, nami nikashindwa hata kumwangalia.