Siku mama mkwe alipokuja kuaga bustani yetu

Jumamosi. Mvua inanyesha Bukavu tangu asubuhi, na pagne yangu ya kitenge bado ina matope magotini. Sijabadilisha. Sina nguvu.

Leo mama yake mume wangu alikuja kuniaga.

Mume wangu alihama miezi minne iliyopita, akaenda kwa mwanamke mwingine. Mama yake hakuacha kuja. Kila Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, alifika na jembe lake dogo, tukahudumia mboga za lengalenga na nyanya tulizopanda nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa mkulima kijijini Walungu kabla ya kuhamia mjini. Mimi ni mtu wa ofisi. Kabla yake sikuwahi kuotesha hata kitunguu.

Miche yangu ya kwanza ilioza. Nilikuwa naimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Maman, ndivyo nilivyomwita, aliingiza kidole kwenye udongo, akanitazama.

"Unaimwangia maji sababu wewe uko na woga. Haiko sababu iko na kiu."

Siku ile nilicheka. Sasa sicheki, maana ndivyo nilivyomfanyia mwanawe: simu kumi kwa siku, uko wapi, uko na nani. Sisemi hilo ndilo lililomfukuza. Alinidanganya, na kosa hilo ni lake. Lakini woga wangu niliuita mapendo kwa miaka sita. Acha nikiri hapa.

Leo hakushika jembe. Alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimelowa.

"Mutoto wangu, bwana yako amenikataza. Anasema nikirudia huku, nisirudie kwake. Na ni yeye njo ananilisha."

Ningemkumbatia. Badala yake, kwa uchungu, nilimwambia: "Basi maman, ng'oa vitu vyako vyote, uende navyo."

Alidhani ninasema kweli.

Alizunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye matope, na magoti yenyewe yanamuuma kila siku. Akashika shina la nyanya. Akaliachilia.

"Hii iko na maua," akasema polepole, kama mtu anayeomba ruhusa. "Tukiihamisha sasa, itakufa."

Nikapiga magoti kando yake, nikamshika mikono. "Maman, unisamehe." Tulilia pale pale, mvua ikitunyeshea.

Baadaye nilimsindikiza mpaka Nyawera, nikamtafutia motari, dereva wa pikipiki, na kumwomba aendeshe polepole. Maman hakugeuka nyuma. Nadhani hakuweza.

Mume alipoondoka nililia wiki mbili, kisha nikarudi kazini. Huyu mama sijui nitamlilia mpaka lini. Hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kwa upole kama yeye, na hakuniomba chochote.

Tunasali parokia moja. Jumapili nitakayomkuta ameketi kati ya mwanawe na yule bibi mpya, nitamsalimia nikimwita nani?