Mwalimu mupya wa mwaka wa sita

Dada Umugwaneza, mukula samaki ndogo za sambaza wa Bweremana,

Nimesikia kwamba unataka kumutuma binti yako Umuhoza huku Masisi, asome mwaka wa sita kwa mwalimu, Maître Straton. Keti kwanza, usianguke: Maître sasa njo mimi, mudogo wako Rukundo, ule ulikuwa unaita kichwa ya ng'ombe. Nikiingia, darasa lote linasimama. Wazazi wananilipa maziwa mpaka nimenenepa, na mama Nyirabagenzi aliniita "Maître" mbele ya kanisa yote.

Straton ameenda kuchunga ng'ombe. Alingojea mushahara wa Serikali mpaka akachoka, kwa sababu wale wa inje wenye walikopesha Serikali makuta walikataza kuongeza walimu wa kulipwa. Basi wazazi wakatafuta muntu mwenye anasoma Biblia bila kukwama, wakaniona.

Usicheke, ninafundisha muzuri, mpaka pale nilifikaka mimi mwenyewe, mwaka wa ine. Tukifika kwenye fraksio, zile hesabu za nusu na robo, ninawatoa inje tunaimba, na tunaimba kushinda kwaya. Juzi Manzi, mutoto wa Papa Védaste, aliniuliza: "Maître, examen ya Serikali ya mwisho wa mwaka nayo itakuwa ya kuimba?" Nilimutuma kuteka maji.

Dada, nguo za Umuhoza usizifunge. Umutafutie kule kwenu mwalimu mwenye alisoma kunipita. Watoto wa wengine nitawafundisha. Ule wetu, hapana.

Mimi mudogo wako musumbufu, mwenye kunywa maziwa kila asubuhi,
Rukundo