Bima ya Mke Mmoja

Pau, nimetoka mkutano wa bima ya afya hapa Magoma. Nimechoka hadi roho.

Afisa kasema mpango wanaoupendekeza unachukua mke mmoja tu. Baba akasimama: "Na sisi wenye wawili je?"

"Chagua, mzee!" afisa akamjibu. Watu wakaangua kicheko. Na Mama amekaa mkeka mmoja na mama mdogo Maryamu!

Presha ya Mama unaijua. Baba anaijua zaidi. Lakini akaketi tu, Pau. Mbele ya watu wote, hakumtaja Mama.

Mama akainuka mwenyewe. "Mwandikeni Maryamu, ana mimba. Mimi nimeshamaliza kuzaa."

Wakampigia makofi.

Sasa amejilaza, anasema ni kichwa tu. Na Baba naye alipiga makofi, Pau. Alipiga kuliko wote.