Mwanafunzi Wangu wa Kwanza

Leo nimemkana bibi yangu, naye akiwa amesimama nyuma yangu. Sijamwambia mtu yeyote. Naandika hapa kwa sababu kijijini kwetu hakuna anayesoma blogu.

Ni Alhamisi. Mvua imekatika tangu asubuhi ila uwanja bado ni matope, na nina hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani.

Tangu nimalize kidato cha sita natafuta kazi ya kufundisha Kiingereza nje ya nchi. Nikiliandika hilo naona aibu, maana darasani sikuwa nanyoosha mkono hata nilipojua jibu. Lakini mbele ya watoto wadogo sioni haya. Mwezi uliopita niliona tangazo la kituo kimoja cha lugha huko Vietnam. Walitaka walimu wasaidizi, na elimu ya sekondari ilitosha.

Fomu yao iliuliza lugha yangu ya kwanza. Niliandika Kikurya, nikafuta. Nikaandika Kiswahili, nikafuta. Mwishowe nikaandika Kiingereza. Walipouliza lugha inayosemwa nyumbani, nikaandika Kiingereza tena.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na Bibi. Hata Kiswahili Bibi anakitumia tu akienda Tarime mjini kununua kitu.

Kikurya hakina L. Kwa Bibi mimi si Lilian, ni Ririani. Wiki tatu nimekuwa nikikamua ng'ombe huku nasema *light, right, light, right*, mpaka ng'ombe akaacha kugeuka kunitazama.

Nilihitaji pia mwanafunzi wa kufanyia mazoezi ya kufundisha, na aliyekuwepo ni Bibi. Nilikata boksi la sabuni nikatengeneza kadi za watu: mama, baba, bibi, jirani. Tulisoma wakati wa kupukuchua mahindi. Kadi ya *grandmother* aliikataa siku ya kwanza.

"Hiyo ni ndefu kama barabara ya Musoma. Nipe nyingine."

Nikampa *neighbour*. Nikamweleza kwamba ni jirani.

"Yule anayekuja kuomba chumvi kila siku?"

"Ndiyo, Bibi."

"Neiba," akasema. Alicheka sana. Tangu siku hiyo, mama wa boma la pili akitokea njiani, Bibi ananiita, "Ririani, toa chumvi, neiba huyo." Ni neno lake moja la Kiingereza, na hakulisahau hata siku moja. Nilijiona mwalimu kweli.

Usaili ulikuwa leo saa nne, kwa simu ya video. Nilitundika shuka jeupe ukutani ili udongo usionekane. Bibi nilimwambia nina mtihani. Mwanamke aliyenihoji alikuwa mpole. Nilisoma maneno yote aliyonionyesha na L zangu zilitoka safi. Akatania kidogo, nikacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichomfanya Bibi afikiri nimepata mgeni.

Akaingia. Alikuwa amenawa miguu na kujifunga kitenge chake cha kanisani. Akasimama nyuma yangu na kuinama kwenye simu ili amsalimie mgeni.

Yule mwanamke akatabasamu. Akaniuliza kwa Kiingereza kama huyo ndiye bibi yangu.

Angekuwa bibi yangu, angetakiwa asalimie kwa lugha niliyoandika kwenye fomu.

"*No*," nikasema. "*She is my neighbour.*"

Nililitamka vizuri sana. Silabi mbili, polepole, kama nilivyomfundisha.

Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye simu, akatoka. Nilijidanganya kwamba hakusikia.

Saa nane jibu likaja kwa barua pepe. Wamefurahi kuzungumza nami, lakini kwa sasa wanachukua tu watu wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa, na wakaziorodhesha. Tanzania haimo. Hata Kenya haimo. Maana yake hata wale walimu wanaovuka mpaka pale Sirari kuja kutufundisha sisi Kiingereza wasingechukuliwa. Sasa kwa nini walinihoji? Nchi yangu niliiandika kwenye mstari wa pili wa fomu. Kitu pekee ambacho sikudanganya ndicho kilichoninyima kazi.

Nilisoma ile barua mara nyingi. Nilitaka kuitupa simu kwenye matope, ila ni ya mjomba.

Jioni tulipika. Nikaonja mboga, haikuwa na chumvi ya kutosha. Kopo lilikuwa karibu na kigoda cha Bibi.

"Bibi, naomba chumvi."

Akalichukua kopo, akaninyooshea bila kunitazama.

"Chukua, neiba."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Nilitia chumvi, nikatia tena, nikasahau kwamba nimeshatia. Tulikula hivyo hivyo, na yeye akaimaliza sahani yake yote.

Mwanafunzi wangu ameelewa. Hakuna mtihani mwingine ambao ningepata alama kubwa kuliko huo.

Sijaomba msamaha. Jibu nalijua, ila mkono siunyooshi, kama zamani darasani. Nimeitoa ile kadi aliyoikataa, ile ndefu, nimeiweka juu ya gunia la mahindi. Kesho tukikaa kupukuchua nitaanza na hiyo. Nitaisema mimi kwanza, nikimwangalia yeye, mara nyingi kadiri atakavyotaka. Je, atakubali kuipokea?

Wewe uliyesoma mpaka hapa, tafadhali usimwambie mtu. Na kama siku moja utapita huku ukamkuta bibi mmoja anayemwita mjukuu wake neiba, usimuulize kwa nini.