Wiki Mbili Bila Harufu

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi nyumbani kutoka hospitali. Pua iko ndani ya ganda gumu jeupe, plasta hadi mashavuni, na chini yake kipande cha shashi kimekaa kama masharubu. Macho yamevimba, yamekuwa zambarau. Mama kaniona mlangoni, kashika kichwa — eti mtu mzima nimekwenda mwenyewe kupigwa. Nilitaka kucheka. Kucheka kunauma.

Masharti ya daktari nimeyabandika ukutani. Kulala chali, mito mitatu. Nisiiname. Nisipenge kamasi. Chafya nitoe mdomo ukiwa wazi. Nguo za vifungo tu. Maji ya chumvi puani mara nne kwa siku.

Muuguzi wangu ni Kidosho, mdogo wangu, tumbo moja. Tangu mtoto wanamwita hivyo. Yeye alizaliwa na pua ya mama, ndogo, imenyooka. Mimi nikapewa ya marehemu baba, na kibyongo chake katikati. Shuleni walikuwa wakisema pua imeshafika, mwenyewe yuko njiani. Miaka yote hiyo nimekaa mezani naitazama pua ya mdogo wangu. Nimechoka kutazama. Nimejitengenezea yangu, basi.

Jumatano, 5 Machi

Kidosho kanisafisha asubuhi. Pamba kwenye kijiti, maji ya chumvi, kisha dawa ya kupaka ukingoni mwa tundu. Mkono mwepesi! Sikushtuka hata mara moja. Afadhali angenifinya kidogo nipate la kulalamikia.

Akimaliza anakwenda dukani kunishikia nafasi. Tajiri, mwenye duka, ndiye aliyemwomba — duka la manukato haliwezi kukaa wiki mbili na mtu mmoja. Nimemwambia auze chupa zilizokwisha changanywa tu. Meza ya kuchanganyia asiiguse. Ile ni yangu, mwaka wa tisa huu, Tajiri huwa anawaambia wageni kwamba mwanamke huyu ana pua ya dhahabu. Kidosho kasema sawa dada.

Jioni karudi, nikamwambia unanukia duka. Uongo mtupu. Sisikii chochote.

Ijumaa, 7 Machi

Chafya! Ilinijia bila hodi. Kidosho alikuwa anatoka, mkoba begani. Kautupa, kanishika kichwa kwa mikono miwili — fungua mdomo dada, fungua! Imetoka yote kwa mdomo, imemlowesha blauzi nzima. Kacheka, kabadilisha, kaenda. Kachelewa kazini na Tajiri hakusema neno. Mimi nikichelewa dakika tano mtaa mzima unajua.

Mama anasema wateja wamempenda sana. Kajuaje? Eti alipita leo kumwangalia. Mimi miaka tisa niko pale, hajawahi kupita hata kuuliza bei ya sabuni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya jambo. Niliandike kabla sijaanza kujitetea.

Saa sita Kidosho kanipigia simu kutoka dukani. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana amekuja kuchukua chupa yake ya kila mwezi, na akiba imekwisha. Mchanganyiko ule nimeubuni mimi, sijauandika popote. Ndivyo tulivyo sisi wachanganyaji — ukiandika tu, umeshajifukuza kazi. Tajiri kamwambia Kidosho aniulize, ajaribu. Ajaribu! Kwenye meza yangu!

Nikamtajia. Waridi vitone ishirini. Msandali kumi. Asmini vinne. Karafuu — karafuu ni viwili tu. Nikasema saba.

Karafuu saba ni kunukia kama kwa daktari wa meno. Nilijua. Nikarudia kabisa, saba, usipunguze. Nikakata simu. Moyo ulikuwa unadundia puani.

Jioni. Karudi anaimba. Eti dada, zile dawa za maumivu zinakuchanganya, umenitajia karafuu saba! Ametia viwili, akanusa, akaona panatosha. Mwalimu mkuu kasema haijawahi kunukia vizuri hivyo. Haijawahi! Miaka sita namtengenezea mimi.

Nikamwambia ni dawa, kweli. Kanitazama kidogo, kisha kaenda kuchemsha maji ya kunisafisha pua. Alitazama kwa muda gani? Sijui. Nimejifunika shuka.

Jumatatu, 10 Machi

Ganda limetoka! Daktari kalilowesha, kalibandua polepole, kanipa kioo. Imevimba bado, ngozi inang'aa, imejaa mafuta. Lakini imenyooka! Kibyongo hakuna. Nililia kidogo, nikakatazwa kulia.

Nikauliza na harufu je? Kasema ndani bado kumevimba, itarudi. Lini? Wiki sita, pengine zaidi, kila mtu na mwili wake. Kanisogezea pamba yenye spiriti. Naiona pamba. Basi.

Nyumbani Mama kanigeuza kulia, kanigeuza kushoto. Kasema nzuri, inafanana na ya Kidosho.

Inafanana na ya Kidosho. Hata pua yangu mwenyewe, niliyoilalia kitanda cha hospitali, bado ni yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimeunguza supu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo jikoni, najisomea, mpaka Mama akaingia mbio kaziba pua na kanga — nyumba nzima moshi, wewe huna pua? Nimejaribu kitunguu. Siki. Mafuta ya taa. Ni sawa na kunusa ukuta.

Saa kumi Tajiri kaja kuniona. Kanisifia pua, kakaa, kavua viatu, ndipo nikajua hakuja kwa pua. Kasema meza ni moja na wachanganyaji sasa ni wawili. Kidosho ana kipaji, hawezi kumrudisha kupanga chupa, na mimi hataki kunionea. Basi Jumamosi twende wote wawili. Atachovya karatasi tatu za kunusia katika chupa tatu, kila mmoja aandike ni mafuta gani. Atakayekosea atakwenda mbele kuuza. Tukilingana, mkubwa atabaki mezani.

Kisha kaniuliza: au pua bado? Nikupe mwezi?

Angalia ujinga wangu. Mwezi ule ulikuwa mkononi! Lakini Kidosho alikuwa amesimama pale na sinia la chai, mrembo, mpole, anasubiri kusikia. Nikasema nanusa kila kitu. Nikasema hata hiyo chai ina iliki nyingi mno.

Haikuwa na iliki, kopo nimelikuta tupu baadaye. Tajiri alikunywa mpaka mwisho. Sijui kama aliona ajabu.

Alhamisi, 13 Machi

Kidosho anajua. Amenusa supu, ameonja chai. Leo wakati wa kunisafisha kaninong'oneza: dada mwambie Tajiri ukweli, uombe ule mwezi, nitakushikia tu.

Utanishikia! Nikamwambia ndivyo unavyotaka, nikakiri mwenyewe kwamba pua yangu imekufa, ubaki na meza na wateja na Mama juu. Kaendelea kupaka dawa, tundu la kulia, tundu la kushoto. Mkono ule ule mwepesi. Mimi ningeuchoma ule ukingo na kijiti.

Nina wivu. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 15 Machi, saa nne na robo

Niko stoo ya duka. Nimejifungia, nimekaa juu ya katoni ya chupa tupu, daftari hili nililitoa kwenye mkoba ili mikono ipate la kufanya. Tajiri kasema huku nyuma hakuna harufu za wateja kunivuruga. Kidosho ameshafanya. Alinusa pale pale kaunta, moja, mbili, tatu, akaandika kama mtu anayejaza fomu ya posta.

Karatasi zangu tatu ziko magotini. Ya kwanza, hakuna. Ya pili inapoza koo kidogo — mnanaa? mkaratusi? Ya tatu hakuna. Nimenusa mpaka chozi limenitoka na daktari alikataza kuvuta hewa kwa nguvu. Pua haiumi hata kuuma. Haina habari.

Kuna kitu kimepita chini ya mlango.

Ni risiti. Nyuma yake mwandiko wa Kidosho. Moja langilangi. Mbili mkaratusi. Tatu miski. Chini kaandika: andika upesi dada, mimi nimekosea moja makusudi.

Nimesoma mara nne.

Kama ni kweli, meza ni yangu na yeye anarudi mbele. Kama si kweli, nitaaibika mbele ya Tajiri kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nani atanihurumia? Ile mbili inaelekea kuwa kweli. Lakini mtu akitaka kukudanganya vizuri si anakupa na moja ya kweli? Mimi nilimpa waridi ya kweli, msandali wa kweli, asmini ya kweli.

Anajua kuhusu zile karafuu saba? Siku ile alinitazama. Nimekumbuka sasa, alinitazama sana.

Ningekuwa mimi niko kule nje na yeye humu, nisingepitisha karatasi. Au ningeipitisha, na majina yote ya uongo. Hilo ninalijua bila kunusa.

Tajiri kaita. Nimesema bado kidogo.

Nimeandika mbili, mkaratusi. Moja nimeandika langilangi, nimekata, nimeandika langilangi tena.

Namsikia Kidosho kule nje. Anamwambia Tajiri amwache dada, asimharakishe, pua ndiyo kwanza inapona. Sauti ile ile ya kunisafisha asubuhi. Hata wema kanizidi, shetani yule! Au ndio anacheka?

Tajiri anagonga. Tatu bado ni tupu na kalamu iko juu yake